Wafini katika Inchi za Jirani: Ugeni, Lugha na Imani



Labda mtashangaa kuona jina la Wafini katika kurasa hizi. Inchi yao iko mbali sana, kaskazini ya Ulaya, mahali ambapo theluji hufunika udongo miezi mingi kila mwaka. Tena walio wengi kati yao ni Walutero, si Wakatolika. Basi sisi tuna shauri gani nao?

Jibu letu ni hili. Padri na katekista, kila mahali watakapotumwa, watakuta wageni katika parokia: watu waliohama kwa sababu ya njaa, ya kazi au ya vita. Wageni hao huja na lugha yao na sala zao. Je, tuwafanyie nini? Tuwaache peke yao? Tuwalazimishe kuwa kama sisi? Au kuna njia nyingine? Habari za Wafini waliohamia Uswidi, Norwei na Urusi zinatuonyesha mambo hayo yote katika muda wa miaka mia nne na zaidi. Wengine wao walipotewa na lugha kabisa, wengine waliishika mpaka leo. Tukitafuta sababu, tutaona kwamba kanisa na masomo vilikuwa na neno kubwa katika mambo hayo, pengine kwa wema, pengine kwa ubaya. Kwa hiyo tumeona inafaa kuwaeleza kwa utaratibu.

I. WAFINI NI WATU GANI?

Ufini iko katikati ya Uswidi, upande wa magharibi, na Urusi, upande wa mashariki. Kaskazini inapakana na Norwei; kusini, ng'ambo ya ghuba ya bahari, iko Estonia. Wenyeji wake leo wapata milioni 5 na nusu. Kwa karne nyingi inchi hiyo ilitawaliwa na wafalme wa Uswidi. Mwaka 1809 Kaisari wa Urusi aliitwaa, na tarehe 6 Desemba 1917 Wafini walijitangaza kuwa huru.

Imani ya Kristu iliwafikia katika karne ya 12. Mapokeo yanasema kwamba Mtakatifu Henri, askofu aliyetoka Uingereza, alifika huko pamoja na mfalme Erik wa Uswidi karibu na mwaka 1155, akauawa na mwenyeji mmoja. Tangu hapo Wafini walikuwa Wakatolika mpaka karne ya 16, mfalme Gustav Vasa alipojitenga na Roma. Mikael Agricola, aliyewaongoza katika dini mpya, ndiye aliyewapa pia maandiko ya kwanza katika lugha yao: kitabu cha kujifunzia kusoma mwaka 1543, na Agano Jipya mwaka 1548. Leo Wakatolika wa Ufini ni wachache, wenye jimbo moja tu, ndilo Helsinki, lililosimamishwa mwaka 1955. Mwaka 2009 walipata Askofu Teemu Sippo, Mfini wa kwanza kushika kazi hiyo tangu matengano ya karne ya 16.

Lugha yao, Kifini, haina undugu na Kiswidi wala na Kirusi. Ndugu yake wa karibu ni lugha ya Estonia, na wa mbali ni ile ya Hungaria. Sisi tunaosema Kiswahili tutaona jambo moja la kupendeza. Wafini hawapambanui mwanamume na mwanamke wanaposema habari za mtu: neno lao hän ni sawasawa na yeye yetu. Tena wao hutia silabi mwishoni mwa neno kuonyesha mahali. Nyumba ni talo. Ndani ya nyumba ni talossa, kama sisi tunavyosema nyumba na nyumbani. Mswidi akitaka kujifunza lugha hiyo ataona magumu, na Mfini ataona magumu vilevile kwa Kiswidi. Tuyakumbuke hayo, kwa sababu matata mengi yatakayofuata yametoka hapo: jirani hawakusikilizana.

II. WAFINI WA MISITU

Kundi la kwanza tunalotaka kueleza ni wale walioitwa Wafini wa misitu. Walitoka hasa katika jimbo la Savo, sehemu ya mashariki ya Ufini, tangu nusu ya pili ya karne ya 16. Sababu za kuhama zilikuwa nyingi: mashamba yalichoka, kodi zilizidi, vita kati ya Uswidi na Urusi vilidumu tangu 1570 mpaka 1595, kisha wakulima waliasi katika miaka ya 1596 na 1597, wakashindwa na kuuawa wengi. Kwa upande mwingine, mtawala Karl, aliyekuwa mfalme Karl wa Tisa baadaye, alitaka watu wa kukaa katika misitu mikubwa ya Uswidi isiyokuwa na wenyeji wengi. Aliwaruhusu wageni kuingia, akawasamehe kodi kwa miaka ya kwanza. Basi walikwenda Värmland, Dalarna, Hälsingland na mahali pengine.

Namna yao ya kulima si ngeni kwa wasomaji wetu, maana babu zetu waliijua vizuri. Walikata miti ya msitu, wakaiacha ikauke, wakaichoma wakati wa jua kali, kisha wakapanda mbegu katika majivu. Nafaka yao ilikuwa rai, ndugu ya ngano, tena rai ya namna ya pekee: mbegu chache tu zilitosha, na kila moja ilitoa mashina mengi. Mavuno ya kwanza yalikuwa makubwa ajabu. Baada ya mwaka mmoja au miwili udongo ulichoka, nao wakasogea mbele na kukata msitu mwingine. Nyumba zao za magogo hazikuwa na bomba la moshi: moto uliwaka katika tanuru ya mawe, na moshi ulitoka kwa tundu la juu. Kando ya nyumba palikuwa na sauna, yaani chumba cha kuogea kwa mvuke. Hicho hakikuwa chumba cha kuoga tu. Ndani yake wanawake walizaa watoto, na ndani yake maiti waliogeshwa kabla ya kuzikwa. Hata leo hakuna alama ya Wafini inayojulikana kuliko hiyo.

Lakini urafiki wa serikali haukudumu. Uswidi ilianza kuchimba na kuyeyusha chuma kwa wingi, na kazi ya chuma inataka makaa, na makaa yanataka miti. Sasa msitu ambao zamani ulikuwa pori tupu ukawa mali. Mfini aliyechoma miti ili apate chakula alionekana kuwa mharibifu. Sheria ya mwaka 1647 ilikaza katazo la kuchoma msitu bila ruhusa, na wengine walifukuzwa au nyumba zao zikateketezwa. Baadhi yao walivuka mpaka na kuingia Norwei, mahali panapoitwa mpaka leo Finnskogen, maana yake Msitu wa Wafini. Huko nako serikali iliwahesabu mwaka 1686 ili iwajue.

Watu hawa walidumu na lugha yao muda wa miaka mia mbili na zaidi, kwa sababu walikaa mbali na wengine. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Carl Axel Gottlund, aliyezaliwa tarehe 24 Februari 1796, aliwatembelea mwaka 1817 na tena mwaka 1821. Aliandika hadithi zao na desturi zao, akaona pia huzuni yao: walikwenda mbali kanisani, na wakifika walisikia mahubiri katika lugha isiyo yao. Gottlund aliwasaidia kupeleka ombi kwa mfalme. Waliomba nini? Hawakuomba fedha. Waliomba wawe na parokia zao wenyewe, pamoja na wachungaji wanaojua Kifini. Hawakupewa walivyoomba. Baadaye njia na masomo vilifika msituni, vijana wakaacha Kifini kidogo kidogo, na katika karne ya 20 wazee wa mwisho walioisema lugha hiyo tangu utoto walifariki. Leo yamebaki majina ya milima na maziwa, nyumba chache za moshi, na wajukuu wanaotafuta habari za babu zao. Norwei imewakubali kama kabila dogo la taifa tangu mwaka 1999.

III. MTO ULIOGEUKA MPAKA

Kundi la pili halikuhama. Mpaka ndio uliohama. Katika bonde la mto Torne, kaskazini, wakulima wenye kusema Kifini walikaa kando zote mbili za mto tangu karne za kati. Walivuka kwa mitumbwi wakati wa kiangazi na kwa miguu juu ya barafu wakati wa baridi. Katika mapatano ya Hamina, mwezi wa Septemba 1809, Uswidi na Urusi walikata inchi kwa kuufuata mto huo. Ndugu wa ukingo wa magharibi wakabaki watu wa Uswidi. Wa mashariki wakawa watu wa Kaisari. Mji wa Tornio ulipokuwa upande wa Urusi, Waswidi walijenga mwingine mbele yake, jina lake Haparanda.

Mwanzoni lugha haikuleta matata. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Uswidi ilianza kuogopa: watu wasemao Kifini mpakani, je, si watakuwa rafiki za Urusi? Tangu mwaka 1888 ilijenga masomo ya serikali ambamo mafundisho yote yalikuwa kwa Kiswidi. Tangu mwaka 1903 kulikuwa pia na nyumba za kulala kwa watoto wa maskini waliokaa mbali. Walipata chakula na mavazi, nalo lilikuwa jambo jema baada ya njaa; lakini walipashwa kuacha lugha ya mama zao. Mahali pengi watoto walikatazwa kusema Kifini hata wakati wa kucheza, na wengine walipigwa kwa kosa hilo. Tuseme ukweli wote: viongozi wengine wa kanisa waliunga mkono kazi hiyo, wakidhani wanawatendea watoto mema.

Matunda yake yalikuwa aibu. Mtoto alirudi nyumbani akiona kwamba maneno ya mama yake ni maneno ya watu wajinga. Alipokuwa mzazi yeye mwenyewe, hakutaka watoto wake wapigwe kama yeye, akasema nao Kiswidi tu, hata kama alikijua vibaya. Hivyo lugha ilikatika katika nyumba nyingi kwa muda wa kizazi kimoja au viwili. Leo lugha ya bonde hilo inaitwa Meänkieli, maana yake Lugha yetu. Mwaka 2000 Uswidi iliitambua kuwa lugha ya kabila dogo la taifa, pamoja na Kifini chenyewe na lugha nyingine. Mwaka 2020 serikali iliweka tume ya kutafuta ukweli juu ya mabaya yaliyotendeka, na mwezi wa Novemba 2023 tume hiyo ilitoa taarifa yake.

IV. WAKVENI WA NORWEI

Kutoka bonde la Torne na sehemu za kaskazini za Ufini, wengi walizidi kwenda mbele mpaka bahari ya kaskazini, katika majimbo ya Troms na Finnmark. Wafini wenyewe huita inchi hiyo Ruija. Wanorwei waliwaita Wakveni. Walianza kufika hasa katika karne ya 18, na katika karne ya 19 wakazidi. Wengine walitafuta samaki, wengine mashamba, wengine kazi katika machimbo ya shaba ya Kåfjord yaliyofunguliwa mwaka 1826. Njaa kubwa ya Ufini ya miaka 1866-1868, iliyoua watu wengi sana, iliwasukuma wengine zaidi. Katika mji wa Vadsø, karibu na mwaka 1875, zaidi ya nusu ya watu walikuwa Wakveni.

Serikali ya Norwei nayo iliogopa. Mwaka 1880 iliwaagiza walimu watumie Kinorwei; mwaka 1898 agizo lilikazwa tena. Sheria ya mwaka 1902 ilisema kwamba ardhi ya serikali katika Finnmark iuzwe kwa mtu anayejua kusema, kusoma na kuandika Kinorwei. Basi lugha iligeuka mlango wa shamba: asiyejua lugha hapati udongo. Wasami, wenyeji wa zamani wa inchi hiyo, waliteswa na mambo yayo hayo.

Hapa inapashwa kueleza habari za mchungaji mmoja, Lars Levi Laestadius. Alizaliwa mwaka 1800. Upande wa mama alikuwa na damu ya Wasami. Alikuwa mchungaji wa Karesuando tangu mwaka 1826, kisha wa Pajala tangu mwaka 1849 mpaka alipofariki mwaka 1861. Alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Watu wa parokia yake waliharibiwa na pombe kali iliyoletwa na wachuuzi. Laestadius aliwahubiri kwa Kifini na kwa Kisami, kwa mifano ya kulungu, ya theluji na ya nyumba zao, na maneno yake yaliwachoma rohoni. Tangu miaka ya 1840 wengi waliacha pombe na wizi. Mafundisho yake si yetu katika mambo yote, lakini namna yake ya kutumika inatupa mawazo. Alichagua watu wa kawaida waliojua kusoma, akawatuma vijijini kufundisha. Mkubwa wao, Juhani Raattamaa (1811-1899), alikuwa mwalimu na katekista, hakuwa mchungaji. Na baada ya kifo cha Laestadius yeye ndiye aliyewaongoza waamini.

Tazameni sasa jambo la ajabu. Masomoni Kifini kilikatazwa, sokoni kilidharauliwa, lakini katika mikutano ya sala ya watu hao, hata Norwei, Kifini kiliendelea kusikika miaka mingi. Mhubiri alisema, na mtafsiri alisimama kando yake kwa wale wasioelewa. Hivyo sala ilikuwa nyumba ya mwisho ya lugha, baada ya milango mingine yote kufungwa.

Mwaka 1977 wafalme wa Norwei na Uswidi pamoja na Rais wa Ufini walikutana Vadsø kufunua sanamu ya ukumbusho wa wahamaji. Mwaka 2005 Kikveni kilitambuliwa kuwa lugha kamili. Tume ya ukweli na upatanisho ilitoa taarifa yake mwaka 2023, na tarehe 12 Novemba 2024 bunge la Norwei liliomba msamaha mbele ya Wasami, Wakveni na Wafini wa misitu. Walioumia utotoni, wengi wao hawakuwako tena kuusikia.

V. WAFINI WA INKERI

Upande wa mashariki, kando ya ghuba ambapo leo mji wa Petersburg umesimama, kuna inchi iitwayo Inkeri. Mapatano ya Stolbovo, mwaka 1617, yaliitia mikononi mwa Uswidi. Wenyeji wengi, waliokuwa Waorthodoksi, walikimbia. Na mahali pao Wafini Walutero kutoka Karelia na Savo waliingia. Kaisari Petro alipoirudisha inchi hiyo na kuanza kujenga mji wake mwaka 1703, Wafini hawakuondoka. Waliuza maziwa, mboga na kuni mjini, wakawa wakulima Walutero katikati ya Warusi Waorthodoksi.

Je, waliwezaje kushika lugha yao muda wa miaka mia tatu katika ufalme wa wengine? Jibu ni parokia. Mtoto hakupokewa kwenye kipaimara bila kujua kusoma, na kusoma kulikuwa kwa Kifini. Mwaka 1863 seminari ilifunguliwa Kolppana, ikawaandaa vijana wawe walimu, na viongozi wa nyimbo kanisani. Mtu mmoja alifundisha watoto asubuhi, na siku ya Dominika akaimbisha watu. Vijana wa Kolppana waliporudi vijijini, walianzisha vilabu vya kuimba, vyumba vya vitabu, na sikukuu kubwa za nyimbo tangu mwaka 1899. Hesabu ya watu ya mwaka 1926 ilionyesha kwamba walikuwa wapata 115,000.

Kisha dhoruba ikaja. Kolppana ilifungwa mwaka 1919. Serikali ya Stalin ilipochukua mashamba ya watu, tangu mwaka 1929, maelfu walipelekwa kwa nguvu Siberia, Asia ya kati na rasi ya Kola; mwaka 1935 na 1936 vijiji vya mpakani viliondolewa. Mwaka 1937 masomo na magazeti ya Kifini yalikomeshwa, na kufika mwaka 1938 makanisa yao yote yalikuwa yamefungwa, wachungaji wamefungwa, wameuawa au wamekimbia. Wakati wa vita, mwaka 1942, wengine walipelekwa Siberia; wengine, wapata 63,000, walihamishwa Ufini mwaka 1943 na 1944. Vita vilipomalizika upande huo, wapata 55,000 walirudishwa Urusi. Waliahidiwa kurudi kwao, lakini walitawanywa katika majimbo mengine, na vijijini kwao walikuta watu wengine.

Ni nani aliyeshika imani katika miaka hiyo? Wanawake wazee. Bila mchungaji, bila kanisa, bila ruhusa, walikusanyika katika chumba kimoja au kaburini, wakaimba nyimbo walizojua kwa moyo, wakabatiza watoto, wakazika wafu. Sisi tunajua kwamba ubatizo uliotolewa kwa maji, kwa maneno ya Utatu Mtakatifu na kwa nia ya kufanya lifanywalo na Ekleziya ni ubatizo wa kweli, hata ukitolewa na mama mzee asiye na daraja. Waseminari hujifunza jambo hilo kitabuni. Huko Inkeri lilikuwa chakula cha kila siku.

Mwaka 1970 serikali ilikubali parokia moja ya Kifini katika Petrozavodsk, na mwaka 1977 nyingine katika Pushkin. Mwezi wa Aprili 1990 Rais Mauno Koivisto wa Ufini alisema kwamba watu wa Inkeri wanaweza kuhesabiwa kama Wafini wanaorudi kwao. Wapata 30,000 walihamia Ufini. Lakini wengi, hasa vijana, walikuwa wamelelewa kwa Kirusi. Katika Urusi waliitwa Wafini. Walipofika Ufini waliitwa Warusi. Hilo ni fumbo la uchungu la mtu mgeni: pengine anakuwa mgeni mara mbili.

VI. WALIOKWENDA VIWANDANI

Wakati wa vita, watoto wapata 70,000 wa Ufini walipelekwa Uswidi ili waokoke. Wengi walirudi wakiwa wamesahau lugha ya wazazi wao. Mama alimpokea mtoto wake kituoni, wala hawakuweza kuzungumza. Kisha, mwaka 1954, inchi za kaskazini zilipatana kwamba watu wao waweze kutumika po pote bila ruhusa ya pekee. Ufini ilikuwa na vijana wengi na kazi chache. Uswidi ilikuwa na viwanda vingi na mikono michache. Katika miaka miwili tu, 1969 na 1970, wapata 80,000 walivuka. Walitengeneza motokaa Göteborg, vyombo vya umeme Västerås, nguo Borås.

Wengi wao walidhani kwamba watakaa mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo hawakujifunza Kiswidi vema, wala hawakuandaa watoto wao kwa maisha ya huko. Lakini miaka ilipita, watoto walizaliwa, nao wakawa katikati ya lugha mbili bila kumiliki hata moja. Wazazi walianza kudai masomo ya lugha ya mama; sheria ya mwaka 1977 iliwapa haki fulani. Mwaka 1984, katika mtaa wa Rinkeby huko Stockholm, wazazi Wafini waliwazuia watoto wao wasiende masomoni kwa muda wa majuma kadhaa, ili wasikilizwe. Leo wenye asili ya Kifini katika Uswidi, pamoja na wajukuu, wanakadiriwa kuwa 700,000. Kila mwaka wana siku yao, tarehe 24 Februari, ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Gottlund, yule aliyewaombea Wafini wa misitu parokia. Na katika mji wa kale wa Stockholm liko kanisa ambalo parokia ya Wafini imelitumia tangu mwaka 1725. Parokia yenyewe ilianza mwaka 1533.

VII. TUJIFUNZE NINI?

Kwanza: lugha ya sala hukaa ndani kuliko lugha nyingine. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili, katika hati yake Exsul Familia ya mwaka 1952, aliagiza wahamaji wapewe mapadri wanaojua lugha yao, na maagizo ya Roma ya mwaka 1969 na 2004 yamelikaza jambo hilo. Tulinganishe na ombi la Wafini wa misitu kwa mfalme wao. Walichokosa wao, Ekleziya inataka kila mhamaji akipate.

Pili: imani hushikwa na walei walioandaliwa vizuri. Raattamaa, walimu wa Kolppana, na mama wazee wa Inkeri si mapadri. Lakini mama wale wasingaliweza kuimba gizani kama mtu hakuwafundisha wakati wa nuru. Katekista anayefundisha watoto leo hajui ni saa gani mafundisho yake yatakuwa chakula cha pekee cha kijiji kizima.

Tatu: tusimwaibishe mtoto kwa ajili ya mama yake. Mtu ataweza kupinga, akisema: Je, mgeni hapashwi kujifunza lugha ya inchi alimofika? Tunajibu: anapashwa, tena ni faida yake, wafanya kazi wa Göteborg waliochelewa kujifunza walipata hasara. Methali yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kumpa mtu jembe si kumnyang'anya alicho nacho mkononi. Kuongeza lugha ni kumtajirisha. Kuiondoa kwa fimbo ni kumfanya maskini. Waliotenda hivyo zamani hawakuwa wabaya wote. Wengi walidhani wanasaidia. Na hapo ndipo pa kuogopa kwa sisi walimu na wachungaji wa roho.

Sisi wenyewe tunahubiri kwa Kiswahili, na ni vema, kwa sababu makabila mengi yanasikilizana. Lakini katika kila parokia yuko bibi mzee anayekaa nyuma ya kanisa, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Anapofika kuungama, anatafuta maneno na hayaoni. Je, tumejifunza hata sala moja ya lugha yake? Je, tumemtafuta katekista wa kabila lake? Bunge la Norwei liliomba msamaha baada ya zaidi ya miaka mia moja. Afadhali sisi tuanze Dominika hii, kabla bibi yule hajafa.

Roho Mtakatifu, aliyewasikilizisha watu wa mataifa yote siku ya Pentekoste, kila mmoja katika lugha aliyozaliwa nayo, atufundishe kazi hiyo.